Kope za Baba Mkwe

Jumapili, 31 Mei

Nimefukuzwa sebuleni kwangu. Mimi, Ambilikile, mwenye nyumba, mwenye runinga, mwenye kochi. Kochi lenyewe lina shimo la umbo langu! Naandika haya nikiwa kwenye kigoda cha jikoni, uani, nikilinda mpunga ulioanikwa juani. Kuku mwekundu ameshanizidi ujanja tangu asubuhi.

Sababu ni mkamwana wangu Doreen. Mwanetu Andrew yuko barabarani na lori lake, kwa hiyo mkewe amekuja kwetu hapa Bondeni, Kyela, kupumzika baada ya kujifungua. Mjukuu ni mzuri na amepewa jina langu, sina la kusema. Tatizo ni heshima. Kwetu sisi Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, hakai naye chumba kimoja, hatamki jina lake. Siku hizi wengi wanalegeza. Doreen amelelewa na bibi yake kule Tukuyu, halegezi hata uzi. Akinisikia nakohoa tu, keshajifunika kitenge na kutokea mlango wa nyuma. Hata mtoto humwita Bwana Mdogo, maana jina la mtoto ni langu na kwake halitamkiki.

Mwanzoni nilimsifu sana. Harusini nilishika kipaza sauti nikatangaza kwamba katika nyumba yangu mila zitashikwa. Vigelegele! Jirani yangu Ezra aliinamisha kichwa kwa wivu. Basi, mila zimeshikwa. Doreen anapenda tamthilia, na tamthilia za mtandaoni haziishi, moja ikifungwa nyingine inajifungua. Yeye akiwa sebuleni, mimi siingii. Siku za kwanza nilikuwa nakohoa, anatoka, naingia. Kisha mke wangu Janeth akasema kila nikikohoa mtoto anapelekwa kwenye moshi jikoni, na akipata kifua nitajibu mimi. Nimepigwa marufuku kukohoa.

Na Jumamosi ni mechi ya watani! Nimeshawatangazia wazee wenzangu kwamba tutaangalia kwangu. Ezra ameniuliza, kwa upole wa kinafiki, kama viti vitapangwa sebuleni au nje ya dirisha.

Mama yangu, Bibi Veronika, anayekaa chumba cha uani, anasema dawa yake ni nyepesi. Katika ukoo wetu baba mkwe humpa mkamwana kuku na kitenge mbele ya mashahidi, mwiko unalegezwa, wanasalimiana kama watu. Nimekataa. Mtu aliyetangaza kwa kipaza sauti hawezi kutangua kwa kuku. Nitatumia akili.

Jumatatu, 1 Juni

Akili imekuja nikiwa nafukuza kuku!

Doreen hawezi kuutazama uso wangu. Sawa. Basi uso wangu uende sebuleni, mimi nibaki nje. Nyuma ya runinga kuna kisanduku cha intaneti, na Andrew alinifundisha kurusha picha kutoka kwenye simu hadi kwenye kioo. Nitajirekodi. Nitarusha. Doreen atautazama ukuta wa mbele, atamkuta baba mkwe, atakimbia mwenyewe. Na mimi nitakuwa sijakohoa!

Nimejirekodi chini ya mkakao wangu nikieleza kilimo bora cha kakao, ili Janeth akiuliza niwe na la kusema. Saa kumi, tamthilia ikiwa imepamba moto, nikabonyeza. Nikasikia sauti yangu ikitoka sebuleni: ndugu wakulima. Nikasubiri mlango wa nyuma ufunguke.

Haukufunguka.

Janeth akatoka na beseni. Nikamuuliza, kama mtu asiyejua kitu, kuna nini humo ndani. Akasema limepita tangazo la mbolea, la babu mmoja mwenye uso kama ugali uliokosa maji. Nikauliza kama Doreen aliondoka. Akasema Doreen alijifunika kitenge kidogo, akainama, akasubiri babu amalize.

Nimepeleka kesi kwa mama. Mama amesikiliza, akacheka mpaka akakohoa (yeye hajapigwa marufuku), kisha akahukumu. Amesema mkwe ni kope. Ukiweza kuziona kope zake, huyo ni mkwe, mkimbie. Usipoziona, hicho ni kivuli tu, na kivuli hakikimbiwi. Halafu akanikumbusha kuku.

Kwa hiyo tatizo si mpango. Tatizo ni ubora wa picha!

Jumanne, 2 Juni

Nimekwenda mjini kwa Anyitike, mwenye duka la vifaa vya umeme karibu na stendi ya mabasi. Kijana wa maneno mengi, lakini ana elimu ya vinukta. Kaniambia kila picha ni vinukta. Kisanduku changu kinatoa vichache, ndiyo maana nikatoka ugali. Kile cha kawaida kinachosifiwa na watu kina vingi. Kisha kuna cha 4K, chenye mara nne ya hivyo! Nikamuuliza kama kope zitaonekana. Akasema kope, na mbegu ya ndevu kabla haijaota.

Nakitaka. Akiba ya kakao haikufika. Anyitike akakuna kidevu, akasema mkewe Lucy ana hamu ya chungu kikubwa cha Kikisi, cha wafinyanzi wa ziwani, kile cha kutunzia maji, na amesikia kwangu kipo.

Kipo. Ni cha Janeth. Mama yake, aliyeko Lyulilo, alikifinyanga kwa mkono, kikapita kandokando ya Ziwa Nyasa kwa mtumbwi hadi Matema, kikaja Kyela kimefungwa kwenye majani ya migomba kama bibi harusi. Kina nakshi nyeupe shingoni na pengo dogo mdomoni, Janeth alilitia mwenyewe kwa kata. Lakini kwa kweli amekiweka tu pembeni. Anayo ndoo. Ndoo ni nyepesi zaidi!

Nikamwambia Janeth nimekiazimisha kwa kwaya, wana wageni. Akasema sawa, lakini kirudi kabla ya Jumapili. Nikakipeleka kwa bajaji, nimekipakata.

Anyitike ni mwungwana. Kwa kuwa simu yangu ni ya zamani, alinirekodi kwa simu yake, palepale dukani, mchana kweupe. Akaniambia nisogee kidogo kulia, mwanga ni mzuri. Nikasogea. Nilieleza tena kilimo bora cha kakao, nikikodoa macho ili kope zikae vizuri.

Jumatano, 3 Juni

Aibu. Hasara. Fedheha.

Nimechomeka kisanduku kipya wakati Doreen anamwogesha mtoto. Saa kumi nikarusha. Janeth akatoka na beseni lilelile. Babu wa mbolea amerudi, akasema, leo ana uso kama uji, na pembeni yake kuna kitu cheusi, gurudumu labda.

Gurudumu!

Nimempigia Anyitike. Akaniuliza runinga yangu ni ya mwaka gani. Nikamwambia. Akaguna, kama daktari. Kisha akasema kisanduku cha 4K kwenye runinga ile ni kumvisha mbuzi suti, suti ni nzuri ila mbuzi ni yuleyule. Picha lazima iwe 4K, kisanduku 4K, runinga 4K, na mtandao uwe na nguvu, vinginevyo kinashusha ubora chenyewe bila kukuaga. Nikamuuliza mbona hakusema jana. Akasema jana sikuuliza habari za runinga, niliuliza habari za kope.

Na bando limekwisha. La mwezi mzima!

Ezra alikuwa ameegemea ua, amesikia yote. Ezra ana runinga kubwa ya 4K, aliyotumiwa na bintiye, imejaa ukuta mzima. Lakini kisanduku chake ni cha zamani kama kile changu, na hataki kukibadilisha. Anasema 4K ni ya kumnenepesha mwenye duka. Anasema kutoka kochi lake hadi kwenye kioo ni kama kutoka madhabahuni hadi benchi la tatu, na hakuna jicho la binadamu linalohesabu vinukta toka benchi la tatu. Nikamwambia jicho lake limezoea umaskini. Akaniambia langu limezoea kigoda cha jikoni.

Tukaachana vibaya. Lakini nimelala mchana nikawaza. Yeye ana runinga bila kisanduku. Mimi nina kisanduku bila runinga.

Alhamisi, 4 Juni

Nimemwendea Ezra na papai. Nimemweleza mpango wote, sikumficha. Alicheka akashika mti. Lakini Ezra ni mtu wa ubishi, na mtu wa ubishi unamkamata kwa ubishi. Nikamwambia tupime! Runinga yake na kisanduku changu, sebuleni kwangu. Doreen akikimbia, Ezra atatangaza mbele ya wazee kwamba 4K ina maana. Asipokimbia, nitatangaza mimi kwamba haina, na mechi itahamia kwa Ezra pamoja na kuku wa kukaanga niliowaahidi.

Tukapeana mikono. Nimemwambia Janeth kwamba Ezra anapiga plasta na anaomba tumhifadhie runinga. Janeth akauliza Ezra anapiga plasta mwezi huu wa mavuno, mpunga wake uko wapi? Nikasema Ezra hana mpangilio, yeye mwenyewe si anamjua.

Runinga imekuja kwa bajaji, imevikwa blanketi, Ezra kaikumbatia. Tumeipachika wakati Doreen na mtoto wamekwenda kliniki. Mlango ulikuwa mwembamba. Tumekwangua rangi kidogo.

Nimekopa bando kwa Ezra pia. Anasema na hilo ataliweka kwenye tangazo.

Ijumaa, 5 Juni

USHINDI! (Imeandikwa saa kumi na robo.)

Mimi na Ezra chini ya dirisha, tumechuchumaa kama wezi wa maembe. Ndani, Doreen na mtoto, tamthilia, daktari analia. Nikabonyeza. Uso wangu ukajaa ukutani! Jamani, sikujua. Kope zote! Mikunjo! Unywele mmoja wa puani ambao nimeishi nao bila kutambulishwa! Ezra akanong'ona Yesu wangu, akarudi nyuma.

Doreen akatazama chini kwa heshima kama kawaida. Kisha akashtuka. Akavuta kitenge kichwani, akambeba mtoto, akatoka mbio mlango wa nyuma!

Ezra aliinuka. Alinipa mkono. Nikaingia ndani bila kukohoa, nikakaa kwenye shimo langu. Halijabadilika hata kidogo. Karibu nilie.

(Imeandikwa jioni, kwenye kigoda.)

Nilikaa mpaka kilimo bora cha kakao kikafika kwenye kupogoa matawi. Ndipo Janeth akaingia. Hakunitazama mimi. Alinitazama mimi wa ukutani. Yaani si mimi hasa, alitazama chini ya bega langu la kushoto. Akasogea. Akaweka kidole kwenye kioo cha Ezra.

Chungu.

Anyitike alikuwa amekiweka pale dukani, na mimi nikasogea kulia ili kionekane vizuri! Nakshi nyeupe moja moja. Pengo la mdomoni, la kata. Hata alama ya kidole cha mama mkwe wangu shingoni, alipobonyeza udongo ukiwa mbichi. Na kibao kidogo kimechomekwa: KIMEUZWA.

Janeth akauliza, taratibu, kwaya hii inaimba wapi. Janeth akiuliza taratibu mimi huwa natafuta mlango. Kabla sijaupata akasema mama yake amezeeka sasa, mikono inatetemeka, vyungu vikubwa hafinyangi tena. Kile ndicho cha mwisho. Nilikuwa sijui. Au nilijua, sikumbuki. Nilitaka kusema kitu, nikasema ndoo ni nyepesi zaidi.

Sikupaswa kusema hivyo.

Na Ezra, kutoka dirishani, kwa sauti ya kutosha hadi nyumba ya tatu, akasema amekubali sasa kwa moyo mmoja: 4K ina maana.

Jumamosi, 6 Juni

Janeth aliondoka asubuhi na kisanduku changu cha 4K chini ya kwapa. Hakuniaga. Alirudi kwa bajaji, na chungu amekipakata yeye. Sijui alimwambia nini Anyitike. Ninachojua ni kwamba Anyitike amenipigia kuniomba radhi, na mimi sikuwa nimemdai radhi. Akiba ya kakao Janeth amerudishiwa na amebaki nayo. Ezra amekuja kuchukua runinga, akakwangua rangi upande wa pili ili mlango ulingane.

Kisha mama akatoka chumbani kwake amevaa nguo ya kanisani. Hakuuliza. Akasema leo kuku atatolewa, na mwenye kipaza sauti akitaka aje nacho.

Basi. Kitenge kachagua Janeth, na hakuchagua cha bei ya chini. Kuku nilichagua mimi. Mwekundu. Mwizi wa mpunga, anifae walau siku moja. Mama alisema mbele ya Ezra shahidi kwamba zawadi ikishapokewa mwiko umelegea, na zawadi ikirudi kwa mtoaji mwiko unarudi. Hayo ndiyo maneno ya ukoo wetu.

Doreen akapiga magoti pale uani. Akafunua kitenge kichwani. Mwaka mzima na zaidi ni mkamwana wangu, na mimi sijawahi kuuona uso wake, zaidi ya picha za harusi. Ana kidoti shavuni. Akasema, Mugonile, tata, yaani shikamoo, baba. Sauti ndogo. Nikataka kujibu, kikatoka kikohozi. Si mavumbi ya mpunga. Nilifurahi, ndivyo ilivyokuwa, nilifurahi sana. Akaniwekea mtoto mikononi, akamwita kwa jina lake kwa mara ya kwanza. Ambilikile. Tuligeuka wote wawili.

Baadaye, nikiwa nimelainika, nikamuuliza. Kwa ajili ya elimu tu. Siku ile ya kwanza, picha ya ugali, hakunijua? Akainama akacheka. Akasema alinijua kabla picha haijatulia, kwa sauti, nani mwingine anasema ndugu wakulima hivyo? Lakini tamthilia ilikuwa mahali pazuri, akajifunika akasubiri. Na jana? Jana hakuwa amekimbia uso wangu. Alikuwa hautazami. Alitazama chini ya picha, kwa heshima, na chini ya picha ndipo kilipokuwa chungu. Akakimbia kumwita Janeth.

Yaani kope hazikufanya kazi yoyote! Ezra asijue.

Saa kumi na moja wazee wakafika kwa ajili ya mechi. Viti vimepangwa, runinga yangu ndogo, kisanduku changu cha zamani, mimi kwenye kochi langu. Na Doreen pembeni, kihalali kabisa, na rimoti mkononi. Akaniomba kwa adabu, tata, naomba nimalizie kipande hiki kimoja. Tata! Baada ya siku kama hii, ungekataa? Nikasema malizia, mwanangu.

Wazee walivumilia kipande kimoja. Cha pili wakaanza kutazamana. Cha tatu Ezra akasimama, akasema kwake viti vipo na kioo kinajaa ukuta. Wakaondoka na sinia la kuku wa kukaanga.

Sijui mechi imekwishaje. Yule daktari wa tamthilia si ndugu wa mchumba wake. Nilijua tangu mwanzo.

Jumapili, 7 Juni

Tumetoka kanisani. Doreen yuko sebuleni. Nimekaa naye. Tamthilia mpya, ina vipande vingi kuliko ile. Nimekohoa, kujaribu tu. Zamani kikohozi kile kingesafisha sebule nzima. Doreen akainuka upesi, akaniletea maji ya moto na limau, akakaa tena.

Nimetoka nje kuwaza. Nakiri nilikosea. Nilikosea mahali pa kurekodia. Video kama ile inatakiwa kuchukuliwa mbele ya ukuta mtupu.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Jioni hii, nikiwa kwenye kigoda, nimemwona kuku mwekundu. Doreen alikuwa amemfunga kamba upande wake wa uani, kwa mapenzi, na pumba kamwekea. Kamba ameikata. Amepita mbele yangu kifua mbele, amekula mpunga, kisha ameingia bandani KWANGU na kupanda mahali pake palepale!

Zawadi imerudi kwa mtoaji, kwa hiyo mwiko umerudi na kikohozi changu kina nguvu tena. Maneno ya ukoo wetu, mbele ya Ezra shahidi!

Nimempelekea mama. Mama anasema kuku kurudi kulala si zawadi kurudi, na zaidi ya hapo nitathibitishaje kuwa ni yule, wakati bandani kuna dada yake mwekundu pia. Nimempiga picha kwa simu yangu. Kimetoka kitu chekundu. Huenda ni kuku, huenda ni kandambili.

Ushahidi unataka picha safi. Kuku atarudi tena kesho jioni, kazi ni kumrekodi tu, akate kamba, apite, aingie, na kila unyoya uhesabike. Nimempigia Anyitike kumuuliza kuhusu simu yenye kamera ya 4K. Anayo moja, nzuri. Akasitasita, kisha akauliza, anauliza tu, kama Janeth ana chungu kingine.

Anavyo viwili. Kimoja kiko nyuma ya mlango wa jiko, na sijaona akikigusa tangu Pasaka.